Hereni za Almasi Arusha: Lini Udai Cheti, Lini Usijisumbue

Mji huu una macho ya tanzanite. Tangu jiwe hilo ligunduliwe Mererani mwaka 1967, watu wengi hapa wamejifunza kulisoma, na ukisimama na kipande mkononi karibu na Mnara wa Saa utapata washauri kabla hujauliza. Almasi ni habari nyingine. Mgodi wetu mkubwa uko Mwadui, wilayani Kishapu, mkoani Shinyanga, na almasi nyingi zilizokwisha kukatwa unazozikuta kwenye hereni Arusha au Moshi zimepitia India, ambako sehemu kubwa ya almasi za dunia hukatwa na kung'arishwa. Mtu anayekutajia daraja la tanzanite kwa kulitazama tu dirishani anaweza kuuziwa almasi isiyo yenyewe, tena na mtu ambaye naye aliuziwa hivyo hivyo bila kujua.

Ndipo linapokuja suala la cheti, yaani ripoti ya maabara inayoeleza jiwe ni nini na lina sifa gani. Wanaoniuliza ni wa aina nyingi: kaka anayetafuta zawadi ya sendofu ya dada yake, watoto waliochangishana kumnunulia mama yao kitu cha kumbukumbu, mtu aliyepigiwa simu na binamu yake kutoka Dubai kwamba kuna hereni za bei nzuri. Wote huuliza swali moja: "Nidai cheti au nisidai?" Jibu linategemea hereni zenyewe, ila kuna jambo moja la kulishika kwanza.

Cheti cha hereni hakinunuliwi ili ujue kama jiwe ni la rangi F au G, herufi zinazotaja daraja la rangi ya almasi. Pete hukaa chini ya macho ya mwenyewe kutwa nzima. Hereni inatazamwa na mwingine, kutoka hatua moja au mbili, ikiwa nusu imefichwa na nywele au mtandio. Tofauti ya daraja moja la rangi hakuna atakayeiona hapo. Kinachonunuliwa kwenye cheti ni jibu la swali kubwa zaidi: hiki kitu ni nini? Kimetoka ardhini, kimetengenezwa maabara, au si almasi kabisa? Hatua zinazofuata zote zinalizunguka swali hilo.

Hatua ya 1: Jua uzito wa kila jiwe, si wa jozi

Kibandiko kikisema karati 1, usidhani kila sikio litabeba karati 1. Desturi ya biashara ya hereni ni kutaja uzito wa mawe yote kwa pamoja, kwa hiyo hapo kila jiwe ni nusu karati. Hilo lina uzito kwenye bei, kwa sababu jiwe moja la karati 1 ni ghali kuliko mawe mawili ya nusu karati yenye sifa zilezile. Kwa hereni zenye jiwe la katikati lililozungukwa na vijiwe, mwambie muuzaji atenganishe: la katikati uzito gani, vya kuzunguka vyote uzito gani. "Karati moja na nusu" inaweza kuwa robo karati katikati na vumbi pembeni.

Kwenye kibandiko hichohicho utaona pia 18K, au muhuri wa 750 nyuma ya hereni. Hiyo ni karati ya dhahabu: sehemu 18 safi kati ya 24. Karati ya jiwe ni uzito, na moja ni sawa na gramu 0.2. Nimewahi kumsikia mteja akijisifu kwamba hereni zake ni "almasi ya karati kumi na nane". Muuzaji alinyamaza kimya, na biashara ikaendelea.

Chukua venia, kile kipimo cha kubana cha mafundi, au umwombe sonara akupimie mbele yako. Almasi ya duara iliyokatwa vizuri ina vipimo vinavyojulikana. Ya karati 0.10 ina kipenyo cha kama milimita 3. Robo karati ni milimita 4.1 hivi. Nusu karati ni kati ya 5.1 na 5.2, robo tatu ni 5.8, na karati nzima ni 6.4 hadi 6.5. Ukitaka hesabu ya karibu zaidi, zidisha kipenyo kwa kipenyo, zidisha kwa kina, kisha zidisha kwa 0.0061, vipimo vyote vikiwa milimita. Kipenyo 5.15 na kina 3.15 vinakupa karati 0.51. Jiwe likiwa limeshafungwa na kina hakipimiki, chukua asilimia 61 ya kipenyo kama kina.

Hesabu hii ni ya duara tu, na ni ya kukadiria. Lakini inatosha kukuonyesha uongo mkubwa. Mtu akikuambia nusu karati na venia inasoma 4.6, jiwe hilo liko karibu na karati 0.36. Au basi limeachwa nene chini ili libebe uzito, na jiwe la namna hiyo halimeti vizuri. Vyovyote iwavyo, usilipie nusu karati.

Hatua ya 2: Mfanye muuzaji aseme neno lenyewe

Usiulize "Ni almasi kweli?" Almasi ya maabara ni almasi kweli: ni kaboni ileile, ugumu uleule, mng'ao uleule. Kampuni ya General Electric ya Marekani ilifanikiwa kuitengeneza mwaka 1954, na leo zinatoka kwa njia mbili, ama kwa shinikizo na joto kali, ama kwa kuoteshwa tabaka kwa tabaka kutokana na gesi. Muuzaji anayekujibu "ni halisi" hajasema uongo, ila hajakujibu. Mazungumzo ya kweli huwa hivi:

"Mama, hizi ni almasi halisi kabisa, usiwe na wasiwasi."

"Sina wasiwasi, kaka. Zimetoka ardhini au maabara?"

"Ni orijino, mama."

"Sawa. Kwenye risiti utaniandikia neno 'asilia'?"

Hapo ndipo utakapomjua. Anayejua mali yake atajibu ndiyo au hapana. Anayeanza kuzunguka na kukuagizia soda, mwache azunguke, jibu umeshalipata.

Na usivutwe na "hii ni ya Mwadui". Ripoti za kawaida za maabara hazitaji nchi jiwe lilikotoka. Almasi ikishakatwa, huwezi kuitazama ukasema imetoka Kishapu au Botswana. Kama hakuna nyaraka zinazolifuata jiwe tangu mgodini, hiyo ni hadithi ya dukani, na hadithi haiongezewi hela.

Hatua ya 3: Pima hereni zako ziko kundi gani

Hapa natoa maoni yangu, na wapo wafanyabiashara watakaonipinga.

Kila jiwe likiwa chini ya karati 0.30, usidai cheti. Ripoti ndogo ya GIA, taasisi ya Marekani inayopima almasi, yenyewe inaanzia karati 0.15, kwa hiyo vijiwe vya chini ya hapo huwezi hata kuvidaia ripoti hiyo. Kwa vilivyo juu kidogo ya hapo, gharama ndiyo inayokataa. Kumbuka hereni ni mawe mawili, kwa hiyo ni ripoti mbili, halafu usafiri na bima, maana maabara kubwa za aina hiyo ziko nje, kama Mumbai na Bangkok. Ukijumlisha unakuta karatasi imekula fedha ambayo ingekununulia mawe bora zaidi. Kundi hili linahitaji kupimwa (hatua ya 4) na kuandikiwa risiti ya maana (hatua ya 8), basi.

Kati ya 0.30 na 0.49 ni eneo la mjadala. Yakija na vyeti vyake tangu yanakotoka, vizuri, na ongezeko dogo la bei linalipika. Yasipokuja navyo, mimi singeanzisha safari ya kuvitafuta. Kipimo ninachotumia: gharama ya vyeti viwili ikizidi sehemu ya kumi ya bei ya hereni, achana navyo na uombe punguzo.

Kuanzia nusu karati kila jiwe, yakiwa yanauzwa kama almasi asilia kwa bei ya asilia, usinunue bila vyeti viwili. Cheti kimoja cha jozi nzima hakitoshi, kwa sababu kila jiwe linahitaji namba, uzito na vipimo vyake vya kulinganisha (hatua ya 5 na ya 6). Bei ya almasi za maabara imeshuka sana miaka ya karibuni, kiasi kwamba jiwe asilia la ukubwa huo na la maabara linalofanana nalo vimeachana mno kwa bei. Pengo hilo ndilo linalomvuta tapeli, na ukubwa wa pengo ndio unaokuambia kama cheti kina thamani kwako.

Kwa almasi zinazouzwa waziwazi kama za maabara, hesabu inageuka. Mara nyingi zinakuja na ripoti, hasa ya IGI, maabara nyingine ya almasi, na ni sawa kuipokea. Lakini usiongeze hata elfu kumi kwa ajili ya ripoti hiyo. Hereni hizo unazinunua uzivae, kwa sababu ukija kuziuza hutapata cha maana, ziwe na karatasi au zisiwe nayo. Kinachobaki na thamani ni dhahabu.

Kuna kundi moja linalovunja utaratibu huu wote, nalo ni almasi za rangi: waridi, bluu, njano iliyokolea. Mwadui ina jina kwa almasi za waridi; jiwe la karati 54.5 lililopatikana huko mwaka 1947 alipewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi, na lilipokatwa lilibaki karati 23.6. Rangi kama hizo zinaweza pia kutengenezwa kwa mionzi au kwa joto na shinikizo, na jicho halitofautishi. Almasi ya rangi isiyo na ripoti inayosema rangi ni ya asili, hata ikiwa ndogo, ilipie kama iliyotiwa rangi.

Hatua ya 4: Pima kwanza, karatasi baadaye

Maduka mengi yana testa, kile kikalamu kinachogusishwa kwenye jiwe na kuwasha taa. Nyingi hupima jinsi jiwe linavyopitisha joto. Zirkonia, jiwe la kuigiza almasi, na kioo zitaanguka mtihani huo mara moja. Moisanaiti, jiwe jingine linalofanana na almasi, haitaanguka: inapitisha joto karibu kama almasi, na testa ya kawaida itaipokea kwa mikono miwili. Uliza kama testa yao inapima pia umeme. Hiyo ndiyo inayoikamata moisanaiti. Usipopata testa ya namna hiyo, chukua lupu, lenzi ile ndogo ya kukuza mara 10, utazame ndani ya jiwe kwa kuliinamisha kidogo. Moisanaiti hugawa mwanga mara mbili, kwa hiyo kingo za nyuma zitaonekana pachapacha. Almasi haifanyi hivyo. Ishara nyingine ni moto wa rangi uliopitiliza: jiwe linalotoa upinde wa mvua mzima kila mtu akigeuza shingo, litilie shaka.

Testa haina habari kama almasi ni ya ardhini au ya maabara. Lupu nayo haitakuambia kwa uhakika, hata ukiishika wewe mwenyewe uliyezaliwa dukani. Tofauti iko kwenye chembechembe za naitrojeni zilizomo ndani ya jiwe: almasi asilia nyingi sana zina naitrojeni iliyojikusanya kwa miaka mingi mno ardhini, na za maabara nyingi hazina. Kuna mashine za kuchuja kwa msingi huo. Baadhi ya almasi za maabara zilizotengenezwa kwa shinikizo hubaki na punje za chuma ndani na huvutwa na sumaku kali, ila zisipovutwa hujathibitisha kitu.

Arusha tuna Kituo cha Jemolojia Tanzania, TGC, kilicho chini ya Wizara ya Madini, ambacho hufundisha ukataji na utambuzi wa vito. Mtaalamu aliyesomea pale, au jemolojia mwingine asiye na hisa kwenye biashara yako, ni wa thamani kuliko dalali kumi. Unapomtafuta, uliza swali moja kabla ya kulipa: "Una kifaa cha kutenganisha almasi asilia na ya maabara?" Akikuonyesha testa ya kalamu, mshukuru na uende kwa mwingine. Uzoefu wa tanzanite ni hazina, lakini hapa hauhusiki.

Hatua ya 5: Kagua kama cheti ni huru kweli

Cheti huru kimetolewa na mtu ambaye hafaidiki jiwe likiuzwa. Kadi ya duka yenye maandishi ya dhahabu na picha ya almasi si cheti huru, hata iwe nene vipi. Karatasi ya makadirio ya thamani nayo si cheti. Mara nyingi huandikwa bei kubwa ili ujione umepata bahati. Ripoti ya maabara ya kweli haitaji bei kabisa.

Karatasi nyingine inayotumiwa kupumbaza watu ni cheti cha Kimberley. Mpango wa Kimberley ulianza kazi mwaka 2003 kuzuia almasi zinazogharamia vita, na unahusu mizigo ya almasi ghafi inayovuka mipaka. Hausemi chochote kuhusu ubora wa jiwe lililokatwa, na hakuna cheti cha Kimberley cha jozi ya hereni. Anayekuonyesha hicho kama uthibitisho wa ubora ama hajui ama anajua sana.

GIA, taasisi ya Marekani isiyo ya faida iliyoanzishwa mwaka 1931, ndiyo inayoheshimiwa zaidi kwa almasi asilia, na ndiyo iliyotunga ngazi ya rangi ya D hadi Z ambayo maabara nyingine nyingi zinaitumia. IGI, iliyoanzishwa Antwerp, Ubelgiji, mwaka 1975, utaikuta sana kwenye almasi za maabara na kwenye vito vilivyokwisha kufungwa. HRD, maabara nyingine, nayo ni ya Antwerp. Maabara hazilingani kwa ukali, kwa hiyo G ya karatasi hii si lazima iwe G ya karatasi ile. Ukiwa na hereni mbili za kulinganisha, linganisha ripoti za maabara moja.

Ukiipata ripoti, fanya haya kwa mpangilio huu. Fungua tovuti ya maabara kwenye simu yako mwenyewe, ukiandika anwani kwa mkono. Usipige picha msimbo wa QR uliochapishwa kwenye karatasi, kwa sababu aliyeghushi karatasi anaweza kughushi na tovuti. Ingiza namba ya ripoti. Soma kama imeandikwa almasi asilia au "Laboratory-Grown". Halafu chukua lupu utafute namba hiyohiyo iliyochongwa kwa leza kwenye mkanda wa jiwe, ile kingo nyembamba ya pembeni. Kisha, na hapa ndipo wengi huishia njiani, pima kipenyo na uzito wa jiwe na uvilinganishe na ripoti. GIA imewahi kukamata almasi za maabara zilizochongwa namba za ripoti halali za almasi asilia. Namba peke yake haitoshi, ila ni vigumu kwa tapeli kupata jiwe linalolingana na lile la ripoti kwa namba, uzito, na vipimo vyote hadi sehemu ya mia ya milimita.

Hatua ya 6: Linganisha mawe mawili

Hili ndilo jambo ambalo hakuna cheti kitakachokufanyia, na kwa hereni ndilo muhimu kuliko daraja. Kila ripoti inazungumzia jiwe lake. Haisemi kama hilo la kushoto na la kulia ni ndugu.

Ziweke ripoti mbili kando kwa kando. Vipenyo visiachane zaidi ya milimita 0.1. Rangi zisiachane zaidi ya daraja moja. Ukataji uwe sawa, na hapa usikubali kushuka: kwa almasi ya duara ripoti ya GIA itasema "Excellent" au "Very Good", na chini ya hapo hereni moja itameta na nyingine itakaa kama imenuna. Uwazi wa ndani hauna haja ya kufanana. Kwa hereni, daraja la uwazi la SI (madoa madogo yanayoonekana kwa lupu) linatosha kama jicho tupu halioni doa, na rangi ya H, I, hata J inapendeza, hasa kwenye dhahabu ya njano. Ukilipia D na VVS, madaraja ya juu ya rangi na uwazi, kwa ajili ya masikio, umemlipia muuzaji shule ya watoto.

Kisha omba ile taa ya zambarau ya kukagulia noti, maana maduka mengi wanayo. Yaangazie mawe yote mawili gizani. Baadhi ya almasi asilia hung'aa bluu chini ya taa hiyo. Si kasoro, lakini moja iking'aa na nyingine isipong'aa, hazikuchaguliwa kuwa jozi. Ripoti pia hutaja jambo hili.

Mwisho zitazame kwa nuru ya nje, si chini ya taa za duka. Taa hizo zimechaguliwa kwa kazi moja, nayo ni kufanya kila kitu kimete. Muuzaji asiyekuruhusu kusogea hadi mlangoni naye usimruhusu kusogea kwenye pochi yako.

Hatua ya 7: Kama mawe yameshafungwa kwenye dhahabu

GIA hupanga madaraja ya almasi ambazo hazijafungwa tu. Hereni zikishatengenezwa, rangi ya jiwe huathiriwa na dhahabu, na vikucha, vile vijino vya dhahabu vinavyolishika jiwe, hufunika sehemu ya mkanda na madoa. IGI hutoa ripoti za vito vilivyofungwa, lakini uzito na madaraja yake yanabaki ya makadirio. Kwa hiyo mtu akikupa hereni zilizofungwa zenye ripoti ya GIA, ripoti ilitangulia kufungwa, na lazima utafute namba kwenye mkanda.

Kama hazina ripoti na kila jiwe ni nusu karati au zaidi, una njia tatu. Ya kwanza ni kulipa bei ya almasi ya maabara, kwa makubaliano. Ya pili ni muuzaji kufungua vikucha, mawe yapimwe, kisha afunge tena kwa gharama yake; kikucha kilichokunjuliwa mara nyingi hudhoofika, kwa hiyo kikivunjika kisiwe mzigo wako. Ya tatu ni kuondoka. Hereni ambazo nyuma ya jiwe pamezibwa kabisa, mimi hukimbilia ya tatu moja kwa moja. Nyuma palipozibwa panaficha rangi, kina na hata karatasi ya kung'arishia, na hakuna sababu ya kuzibwa kwa almasi nzuri.

Hatua ya 8: Risiti

Dai risiti ya EFD, na dai maelezo kamili, yakiwezekana kwenye ankara ya duka inayoambatana nayo. "Hereni jozi 1" haikulindi. Maandishi yawe hivi: hereni jozi moja, dhahabu karati 18, almasi asilia mbili za duara, karati 0.52 na 0.51, namba za ripoti zote mbili, nyufa hazijajazwa na mawe hayajatobolewa kwa leza. Ongeza sharti: zikithibitika si asilia, fedha yote itarudishwa. Muda wa siku mnapatana.

Hilo la nyufa si mapambo ya maneno. Wapo wanaojaza nyufa za almasi kwa kioo ili zisionekane. GIA haitoi ripoti kwa almasi ya namna hiyo, na fundi akiwasha moto kurekebisha hereni, kijazo kinaharibika. Ukiinamisha jiwe chini ya lupu na kuona mwako wa zambarau au chungwa ukipita ndani, weka chini.

Kwa mawe madogo yasiyo na cheti, risiti hii ndiyo cheti chako. Muuzaji mwenye jina mjini ataandika bila kununa. Ukija kugombana naye, karatasi hiyo ndiyo utakayokwenda nayo Tume ya Ushindani au kwa wakili.

Hatua ya 9: Ukiweza, nunua mawe peke yake, ufunge hapa

Kwa mawe makubwa, hii ndiyo njia ninayoipendelea. Unanunua almasi mbili zenye ripoti zikiwa wazi, unazikagua pande zote, unazipima kwenye mizani ya vito, halafu unampelekea sonara wa Arusha au Moshi azifunge kwenye dhahabu uipendayo. Masonara wetu wanafunga vizuri, na mawe yakiwa wazi hakuna cha kujificha.

Hatari iliyopo ni kubadilishiwa. Kabla ya kumkabidhi, mwonyeshe namba za mkanda kwa lupu, andikeni uzito wa kila jiwe, wote wawili mtie saini. Mwambie asiweke kikucha juu ya namba. Fundi anaweza kuligeuza jiwe kidogo kabla ya kulibana, ni kazi ya dakika. Omba na kizuizi cha nyuma cha kukaza kwa skrubu badala ya kile cha kusukuma, kwa mawe ya nusu karati na zaidi. Siku ya kuchukua, nenda na lupu yako, soma namba zote mbili, gusisha testa, tingisha kila hereni karibu na sikio usikie kama jiwe linacheza. Malipo ya mwisho yafuate hapo.